Mbuzi kwenye gunia la nta

Mzee muuza kadi aliishika pakiti yangu ya kadi za besiboli kwa ncha za vidole, akaigeuza mgongo, akawasha kitochi chake kidogo na kuinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akakaa hivyo kimya. Nyuma yangu watu walipishana kwa shida kati ya meza, mtoto analilia kurudi nyumbani, wawili wanavutana bei. Ukumbi wa kanisa hapa Ohio hujaa namna hiyo kila Jumamosi wanayokutana wauza kadi.

Akazima kitochi.

"Nta hii imeyeyushwa mara mbili," alisema.

Nilimuuliza ana uhakika kiasi gani. Akanirudishia pakiti huku akinitazama kwa huruma. "Uhakika atakuwa nao atakayeifungua," akasema. "Lakini huyo hatakuwa na pakiti tena."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Wiki saba zilizofuata nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Makala hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila mara nilikuwa naandika habari za kuibiwa, na kila nikiisoma naona kuibiwa siko kulikokuwa kunaniuma.

Umri mmoja

Kilichokuwa mkononi mwa Mzee ni pakiti ya kadi za besiboli ya kampuni ya Topps, toleo la 1980. Ndani kadi 15 zenye picha za wachezaji na kipande cha bigijii, nje karatasi iliyopakwa nta. Enzi zake iliuzwa senti 25. Mimi nilizaliwa Tanga mwaka huohuo, na hilo lilinivuta sana: kitu cha umri wangu ambacho ndani yake hakijaguswa na mkono wa mtu.

Besiboli sikukua nayo. Nilifika Marekani 2009, nikapata kazi ya kuhudumia wazee zamu ya usiku. Timu za pwani ya magharibi zikianza mechi jioni ya kwao, huku kwetu ni saa nne usiku, kwa hiyo Oakland walikuwa wakicheza kwenye televisheni ya ukumbini mpaka saa saba. Julai mwaka ule Rickey Henderson, nyota wao wa zamani, aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, na mgonjwa wangu mmoja asiyepata usingizi alinisimulia habari zake usiku kucha, akitumia vikopo vya dawa kunionyesha nani anasimama wapi uwanjani.

Henderson alikuwa mwizi. Ndivyo mchezo wenyewe unavyoita: mkimbiaji aliyesimama kituo cha kwanza humvizia mrushaji, na mkono wa mrushaji ukianza tu kwenda, yeye huchomoka kuelekea kituo cha pili kabla mpira haujamfikia. Huko ndiko kuiba kituo. Henderson aliiba mara 1,406 kati ya 1979 na 2003, mara 130 ndani ya msimu mmoja wa 1982. Anayemfuata, Lou Brock, ana 938.

Kadi yake ya kwanza ni namba 482 katika seti ya Topps ya 1980, seti yenye kadi 726. Ameshika gongo, amejikunja chini kama paka anayepima ukuta kabla ya kuruka.

Alifariki tarehe 20 Desemba 2024. Januari nikachukua malipo ya saa za ziada za wiki nzima, nikanunua pakiti. Kwa hesabu ya haraka, pakiti moja kati ya 48 hivi ndiyo ingekuwa na Henderson. Sikuinunua niifungue. Nilitaka ikae mezani kwangu, naye awemo au asiwemo, na nisijue.

Maganda

Mtaani kwetu watoto tulikusanya maganda. Ya sigara, Sportsman na Embassy, tuliyakunja yakawa noti, tukanunua na kuuziana nyumba za mchanga. Ya bigijii tuliyanyoosha kwa ukucha, tukayabana katikati ya daftari. Kwa hiyo nilipojua kwamba kadi za besiboli zinazotafutwa kuliko zote zilitoka ndani ya pakiti za sigara, sikuona ugeni wowote.

Kadi hizo zilitolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911, zikatiwa kwenye sigara kama Piedmont na Sweet Caporal. Ya mchezaji Honus Wagner ndiyo inayowatoa watu jasho, maana zinazojulikana ni kama 60 tu. Lakini hebu mtazame mvutaji wa enzi ile. Sigara anavuta, kadi anampa mwanawe, ganda analitupa mtaroni. Kadi ilipata mwenyewe. Ganda halikupata. Ndiyo maana kwa matoleo mengi ya zamani, karatasi iliyofunga kadi ni adimu kuliko kadi zenyewe, na wapo wakusanyaji wanaotafuta karatasi tu. Watu hao nawaelewa kabisa.

Hata kadi zenyewe hazikuonewa huruma na waliozitengeneza. Sy Berger, mmoja wa waliobuni seti ya Topps ya 1952, ndiye aliyesimamia jahazi la takataka mwaka 1960 lilipokwenda kumwaga kwenye Atlantiki kadi za seti ileile zilizokosa wanunuzi. Ghala lilikuwa linahitaji nafasi. Miongoni mwa zilizozama zilikuwamo za Mickey Mantle, namba 311. Agosti 2022 nakala moja ya kadi hiyo ilipigwa mnada kwa dola milioni 12.6.

Anayenigusa mimi kuliko hao wote ni Jefferson Burdick wa Syracuse. Yeye ndiye aliyezipa kadi hizi herufi na namba tunazotumia mpaka leo: T kwa za tumbaku, E kwa za pipi za zamani, R kwa za bigijii zilizofuata, na hapo ndipo ilipotoka T206, jina la seti ya Wagner. Alikuwa na ugonjwa wa viungo uliompinda vidole. Kwa vidole hivyo alikaa Metropolitan Museum kule New York miaka na miaka, akibandika kwenye albamu mkusanyiko wake wa zaidi ya vipande 300,000 aliouzawadia makumbusho hayo. Alimaliza Januari 1963. Machi akafariki.

Alibandika kwa gundi.

Wauzaji wa leo wakikumbuka gundi ile hushika vichwa, kwa jinsi ilivyokula thamani. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nami nilishika changu. Nitairudia baadaye.

Joto la pasi

Topps walikuwa na kiwanda Duryea, Pennsylvania. Mashine ilipanga kadi, ikalaza bigijii, ikakunja karatasi, ikapitisha joto, nta ikayeyuka na kuganda. Basi. Hakuna gundi, hakuna lakiri. Kinachofunga pakiti ni nta ya karatasi yenyewe, na mtu mwenye pasi na subira anaweza kuifungua jikoni kwake na kuifunga tena.

Anayefanya hivyo hapapasi gizani. Kadi ziliingia kwenye pakiti kwa mfuatano wa mashine, na boksi lina pakiti 36. Akishafungua kadhaa anaweza kukisia kadi nono imekaa pakiti gani. Anaichomoa, anaweka kadi ya bei ya andazi mahali pake, anakunja kwa mikunjo ileile ya zamani, anapitisha joto. Upper Deck walipoingia sokoni 1989 walifunga kadi zao kwa karatasi ya foili, ambayo ukishaichana imechanika. Topps wa 1980 hawakuwa na haja ya kuwaza hayo. Ule ulikuwa mwaka wao wa mwisho kutamba peke yao nchi nzima kabla ya Fleer na Donruss kuingia 1981, na nani angemwiba mtoto kadi ya senti mbili?

Mzee alinifundisha cha kutafuta. Nta ya kiwandani ina mikwaruzo ya mashine, mistari midogo inayokwenda upande mmoja. Kwenye yangu, pembeni mwa mkunjo, nta ilikuwa laini na ya kung'aa kama mshumaa uliodondoka. Baada ya kuonyeshwa nilikuwa naiona hata bila lenzi. Lakini chumba cha joto huweza kulainisha nta pia. Na pakiti imeishi miaka 45. Nani ajuaye imepita dari zipi, magari gani ya kiangazi?

Nilijitetea kwa hoja hiyo siku nyingi.

Mwaka 2012, Defiance, mji wa hapahapa Ohio, familia moja ilifungua boksi kwenye dari la marehemu babu yao ikakuta kadi kama 700 za mwaka 1910 hivi, mpya kana kwamba zimetoka mashineni jana. 37 za kwanza ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Nimeirudia habari ile mara nyingi, na naona kilichowafanya watu wathubutu kulipa ni ufupi wa njia: babu, boksi, wajukuu. Katikati hapakupita mtu baki. Pakiti yangu ilipita mikononi mwa watu nisioweza hata kuwahesabu. Aliyeniuzia alisema naye aliinunua. Huyo wa kabla yake je?

Tena hata kadi iliyotukuzwa kuliko zote ina kovu. Ile T206 ya Wagner iliyowahi kuwa ya Wayne Gretzky, mchezaji wa hoki, iliyouzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007, mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mbele ya mahakama ya Chicago mwaka 2013 kwamba alizikata kingo zake ili ionekane kamili. Miaka zaidi ya ishirini watu walipanga foleni kuitazama. Nawaza wale waliosimama mbele yake na kusisimka. Walisisimkia nini? Wagner alikuwapo, wino ulikuwapo, karatasi ya 1909 ilikuwapo. Lakini zile kingo nyoofu walizozishangaa zilikuwa za mkasi.

Swali la mama

Aprili nilimpigia mama. Nilikuwa nimepanga kutomwambia, maana pesa niliyonunulia ingetosha kumtengenezea bomba la uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sauti yako ina nini?"

Nikamweleza yote, kadi, nta, Mzee na kitochi chake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na siku unanunua, hukuifungua ukaangalia?"

"Haifunguliwi, mama. Ikifunguliwa inakufa bei."

Kimya. Nikasikia kuku wake.

"Sasa baba, kilichonunuliwa hapo ni nini?"

Nilishindwa kumjibu, na nilishindwa kwa sababu namjua mama dukani. Nimeshika vidole vyake nikiwa mdogo kwenye maduka ya kanga ya Tanga nikamwona anavyonunua. Muuzaji anatoa doti, imekunjwa, ngumu kwa wanga, ina harufu ile ya upya. Mama haitazami ilivyokunjwa. Anaikunjua yote juu ya kaunta, anapitisha kiganja kwenye pindo, anashuka mpaka mji wake wa katikati, anaiinua kwenye mwanga kutafuta tundu, anasoma jina polepole, halafu anakunjua na ya pili ahakikishe ni ndugu wa kwanza. Muuzaji anasubiri. Mnunuzi mwingine anasubiri. Hakuna anayemwona mama msumbufu, maana anayeuza kweli hana neno na anayekunjua.

Na baada ya hapo, ndiyo, mama huiweka doti hiyo sandukuni pamoja na udi, haikatwi, pengine miaka kumi, mpaka harusi au msiba uidai. Kwa hiyo kuweka kitu bila kukigusa sikukufundishwa na Wamarekani. Nilikutoa nyumbani. Ila mama hutunza alichokwisha kukiona. Mimi nilikuwa natunza nisichokiona, na nilikuwa nakiita siri, nakiita uzuri, nakiita Henderson.

Kwetu hilo lina jina: kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ujumbe wa usiku

Wiki ileile mtu alinitumia ujumbe. Alikuwa ameona picha ya pakiti niliyokuwa nimeiweka mtandaoni tangu Januari, akataka kuinunua kwa bei niliyonunulia mimi na kidogo juu. Hakuuliza maswali.

Nitasema lililonipitia. Nilijiambia kwamba sina uhakika, kwamba Mzee ni binadamu anayeweza kukosea, kwamba mnunuzi ni mtu mzima ana macho, kwamba hata mimi sikuambiwa. Nilianza kuandika "Ndiyo, bado ipo." Niliyaandika maneno hayo. Yalikaa kwenye simu bila kutumwa tangu saa tatu usiku mpaka nilipoamka kwa zamu.

Kilichonizuia ni kumfikiria aliyeniuzia. Tangu Machi nilikuwa nimemchora moyoni mwangu kama tapeli, na usiku ule, nikiwa na ujumbe wangu mkononi, nikaona kwamba inawezekana kabisa alikuwa mtu kama mimi: aliambiwa neno na mtu mwenye kitochi, akalala nalo, akaamua kwamba hana uhakika. Shaka huwa haimwachi mtu hivihivi, hutafuta mlango. Mlango ulio karibu kuliko yote ni mnunuzi mwingine. Pasi ilipitishwa mara moja tu, pengine miaka thelathini iliyopita, na mwenye pasi huenda ni marehemu. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kudanganya. Kila mmoja alihitaji kunyamaza tu.

Nikaufuta ujumbe. Nikamwandikia yule mtu kwamba haiuzwi.

Jumapili

Niliifungua Jumapili ya mwisho ya Aprili, mezani jikoni, baada ya kunawa mikono na kuikausha vizuri. Hilo la kunawa halikuwa na sababu, maana nilikuwa naenda kuiharibu. Lakini nilinawa.

Mkunjo wa nyuma uliachia bila kuchanika. Karatasi ikafunguka kama bahasha.

Bigijii ilikuwa juu, imevunjika vipande vinne, imepauka, vumbi la sukari limeganda pembeni. Chini yake kadi. Nilizitoa moja moja nikazilaza kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu Mzee alikuwa ameniambia kitu kingine siku ile: bigijii ikikaa miaka juu ya kadi huacha doa, na kadi iliyoegemea mkunjo wa nyuma hupata alama ya nta. Pakiti haijui kusema uongo juu ya mambo hayo mawili.

Kadi ya kwanza, iliyokuwa chini ya bigijii, safi. Hakuna doa.

Ya mwisho, iliyolala kwenye mkunjo, safi. Hakuna nta.

Ya saba ilikuwa na doa la kahawia la mstatili, upana wa bigijii kabisa.

Kadi ya saba haiwezi kugusana na bigijii. Kuna kadi sita katikati. Kwa hiyo kulikuwa na siku ambapo kadi ile ilikaa juu, miaka ikapita, mtu akafungua, akazipekua, akachukua alichochukua, akazirudisha ovyo.

Henderson hakuwamo. Sitajua kamwe kama aliwahi kuwamo. Kwa jinsi nilivyokuwa nimelisubiri jambo hili nilidhani nitapandwa na hasira, lakini nilichofanya ni kuzisoma kadi zile. Nyuma ya kila moja kuna takwimu za mchezaji mwaka kwa mwaka, kwa herufi ndogo sana. Wachezaji ambao majina yao sikuwahi kuyasikia. Mmoja alikuwa ametumia miaka mingi katika timu za mikoani kabla ya kupandishwa ligi kuu. Nilikaa nazo mpaka chai ikapoa. Miezi minne nilikuwa na watu kumi na tano mezani kwangu, na hakuna hata mmoja niliyekuwa namtazama.

Wino

Karatasi ilibaki nzima. Hilo ndilo lililonisumbua jioni ile. Haikuchanika popote, mikunjo yake bado ilijua njia, na ndani ya droo yangu kuna pasi. Hata kama mimi sitafanya hivyo, ipo siku vitu vyangu vitagawiwa, na atakayekuta karatasi, kadi 15 na bigijii ataweza kuvirudisha vyote mahali pake kwa dakika tano.

Hapo ndipo Burdick aliponijia, na gundi yake. Sidai kujua alichokuwa anawaza. Najua tu kwamba mkusanyiko ule uko makumbusho mpaka leo, na kilichobandikwa kwa gundi hakirudi sokoni kikijifanya hakijaguswa.

Nikachukua kalamu ya wino usiofutika. Juu ya karatasi, palepale nta ilipokuwa imeng'aa, nikaandika kwa Kiingereza kwamba pakiti hii ilifunguliwa, ikafungwa upya na mtu asiyejulikana, ikafunguliwa tena na mimi, nikatia tarehe. Mkono ulitetemeka kidogo kwenye neno la kwanza.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka kwa Mzee. Alizitazama kadi, akaipata ya saba bila kuelekezwa, akatikisa kichwa. Akasoma nilichoandika. Kisha akasogeza pakiti zake mbili halisi ndani ya sanduku la kioo, akaweka yangu katikati yake, mkunjo ukielekea juu.

Mvulana wa miaka kama kumi akasimama mbele ya kioo na kuuliza ile ya katikati bei gani.

Mzee akamwambia haiuzwi, akampa lenzi.